Jinsi ya Kutazama Filamu za Kutisha za Bajeti Ndogo za Miaka ya Sabini

Mtu aliyezoea filamu za kutisha za siku hizi akiwekewa ya mwaka 1974, mara nyingi haimalizi. Picha imejaa chembechembe, sauti inakwaruza, waigizaji hamjui hata mmoja, na nusu saa imepita bila tone la damu. Ukichunguza alivyoitazama, utakuta televisheni iko kwenye mipangilio ya kiwandani, nakala imekatwa pande zote mbili, taa ya sebuleni inawaka na simu iko mkononi. Filamu hizi zilitengenezwa kwa fedha kiduchu, na utamu wake umo mulemule kwenye upungufu: nyumba ya kweli badala ya studio, jua badala ya taa, jasho halisi usoni. Vitu hivyo hupotea upesi sana. Maelezo haya ni ya kukusaidia uvipate, kuanzia kuchagua filamu hadi kuirudia mara ya pili.

Uanze na ipi

Anza na Halloween ya John Carpenter (1978). Lugha yake unaijua tayari, kwa kuwa filamu chungu nzima za muuaji mwenye kinyago zilizokuja baadaye zimeiga kutoka humo. Ilipigwa kwa takriban dola 300,000, kwa siku 20 hivi. Hadithi inatokea Illinois majani yakiwa yanapukutika, lakini upigaji ulifanyika South Pasadena, California, wakati wa majira ya kuchipua. Kwa hiyo majani yalipakwa rangi na kumwagwa barabarani, na tukio likiisha yaliokotwa na kwenda kumwagwa kwingine. Tazama miti iliyo nyuma ya waigizaji: mibichi kabisa. Kinyago nacho kilinunuliwa dukani kwa chini ya dola 2. Kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe na matundu ya macho yakapanuliwa. Ndiyo maana uso ule haukasiriki, haucheki, haukutishii. Hauna kitu cha kusomeka, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Ya pili iwe The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper (1974). Ukiianza hii kabla ya nyingine yoyote unaweza kudhani ni fujo tupu. Ukiifuatisha baada ya Halloween, unaona wazi filamu moja imepangwa kwa rula na nyingine imeachwa ichemke.

The Last House on the Left ya Wes Craven (1972) isiwe ya mwanzo. Ina ukatili wa kijinsia unaoonyeshwa bila kificho, na mtazamaji anastahili kujua hilo kabla ya kubonyeza kitufe. Vivyo hivyo baadhi ya filamu za Kiitalia za walaji watu za mwishoni mwa miaka ya sabini: wanyama waliuawa kweli mbele ya kamera. Hakuna sababu ya kujilazimisha kuziona hizo.

Hakikisha nakala kabla ya kukaa

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa likishafanyika hapa hakuna mpangilio wa televisheni utakaolirekebisha. Kagua mambo manne.

La kwanza ni urefu. Tafuta urefu wa filamu ilivyotoka kwenye kumbi, kisha ulinganishe na wa nakala yako. Halloween ni dakika 91, Texas Chain Saw ni 83. Ukikuta Halloween ya dakika 87 usiseme mara moja kwamba imekatwa. Diski na kanda za zamani za PAL, mfumo wa televisheni wa nchi nyingi nje ya Marekani, ziliendesha fremu (picha moja moja za filamu) 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu nzima inakimbia kwa asilimia 4. Chukua dakika za nakala yako, zidisha kwa 25, gawanya kwa 24: 87 zinarudi kuwa 90 na ushei, nawe unajua hakuna kilichopotea. Hata hivyo sauti inapanda karibu nusu noti, na muziki unapoteza uzito wake. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua ya fremu 24.

Tofauti ikizidi asilimia 4, mkasi umepita. Ganja & Hess ya Bill Gunn (1973) iliondolewa zaidi ya nusu saa, ikapangwa upya na kutolewa kwa jina jingine, Blood Couple. Toleo la Gunn mwenyewe lilinusurika kwa sababu nakala yake ilikuwa kwenye jumba la makumbusho la Museum of Modern Art, New York. Anayetazama Blood Couple anatazama kitu ambacho mtunzi wake hakukitengeneza. The Wicker Man (1973) iliingia kumbini ikiwa na dakika 88 hivi baada ya kupunguzwa, na matoleo marefu zaidi yakaonekana baadaye. Dawn of the Dead ya George Romero (1978) ina toleo la Marekani la dakika 127 na la Ulaya la dakika 119 hivi alilolihariri mwongozaji Mwitalia Dario Argento, lenye muziki mwingi zaidi wa bendi ya Goblin. Anza na la 127.

Lakini urefu pekee si ubora. Halloween ina toleo refu la televisheni, na vipande vilivyoongezwa vilipigwa miaka kadhaa baadaye ili kujaza muda wa kipindi. Vinaeleza mambo ambayo filamu ilifanya vizuri kuyanyamazia. Achana nalo kwa mara ya kwanza.

La pili ni umbo la picha. Halloween ilipigwa kwa umbo pana, upana ukiwa mara 2.35 ya kimo. Carpenter na mpiga picha wake Dean Cundey walitumia upana huo kumweka muuaji pembeni kabisa: amesimama kando ya ua, au ni kivuli ukingoni mwa mlango, wakati mhusika anaongea katikati. Nakala za kanda za zamani zilikata pande hizo ili picha ijae televisheni ya mraba, na muuaji akakatwa nazo. Nakala sahihi huacha mistari mieusi juu na chini. Usibonyeze kitufe cha kukuza ili kuiondoa.

La tatu ni rangi. Nakala nyingi za kumbini za miaka hiyo zilichapwa kwenye filamu ambayo rangi yake ya samawati hufifia kabla ya nyingine, kisha kila kitu kinageuka chekundu au waridi. Nakala ikiwa na usiku wa waridi na nyuso kama zilizopikwa, usidhani ni ubunifu wa mwongozaji. Tafuta iliyotengenezwa kutoka kwenye negativu, yaani ule mkanda wa asili uliopita ndani ya kamera.

La nne ni chanzo. Filamu zilizopotezewa hakimiliki huuzwa na kila mtu, kwa nakala za nakala. Mfano unaojulikana ni Night of the Living Dead ya Romero (1968), mama wa filamu hizi zote: jina lilipobadilishwa, alama ya hakimiliki ikasahaulika kwenye mkanda, na filamu ikawa ya umma. Kwa hiyo iko kila mahali, na nyingi ya nakala hizo ni ukungu mtupu. Kuwa huru kutazamwa si sawa na kuwa katika hali nzuri, kwa hiyo tafuta iliyorekebishwa.

Jambo moja dogo ambalo si kosa: kiduara kinachotokea kwa kufumba na kufumbua kwenye kona ya juu kulia, kisha tena baada ya sekunde 7 hivi. Hiyo ni alama ya mwendesha projekta. Ya kwanza ilimwambia awashe mashine ya pili, ya pili ilimwambia abadilishe mkanda.

Televisheni

Fanya kwa utaratibu huu, kwa sababu hatua ya kwanza hufuta nyingine ukiichelewesha.

Chagua modi ya sinema, au Filmmaker Mode kama televisheni inayo. Modi za michezo na zile za kung'aa huongeza bluu hadi ngozi ya mtu inakuwa kama plastiki.

Kisha zima ulainishaji wa mwendo. Kwenye LG huitwa TruMotion, Samsung huita Auto Motion Plus, Sony huita Motionflow. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, na televisheni hubuni nyingine za katikati ili mwendo uteleze. Matokeo yake ni tamthilia ya mchana. Kwa filamu iliyopigwa na kamera ya begani ni balaa zaidi, kwa kuwa mashine haiwezi kukisia mtikisiko, na kingo za watu zinaanza kuvunjika wanapokimbia.

Zima upunguzaji wa chembe, ambao kwenye menyu huandikwa Noise Reduction na mara nyingi uko sehemu mbili. Watu wengi huuwasha wakidhani wanaisafisha picha. Texas Chain Saw ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, ambayo fremu yake ni kama robo ya eneo la ile ya milimita 35, kisha ikakuzwa hadi milimita 35 ili ionyeshwe kumbini. Kila chembe ilikuzwa pamoja nayo. Chembe hizo ndizo picha yenyewe. Hakuna uso safi uliofichwa chini yake. Ukizifuta, unafuta vinyweleo, vumbi la hewani na kitambaa cha shati, na kinachobaki ni nta.

Punguza ukali wa picha mpaka mistari myeupe inayozunguka vichwa vya watu itoweke. Zima kontrasti inayojibadilisha yenyewe, na zima kihisi cha mwanga cha kuokoa umeme: kontrasti hiyo hushusha mwanga wa kioo tukio la giza likija, kihisi hushusha chumba kikiwa na giza, nawe unabaki unatazama taswira yako mwenyewe.

Mwisho rekebisha weusi. Tafuta tukio la usiku lenye mtu aliyevaa nguo nyeusi, usimamishe. Pandisha kiwango cha weusi mpaka usiku uwe kijivu, kisha ukishushe polepole, uache pale mikunjo ya nguo inapokaribia kutoweka lakini bado inaonekana. Filamu hizi hukaa kwenye kile kipande chembamba kati ya kuona na kutoona. Ukikosea upande mmoja, muuaji yuko wazi kama mpita njia. Ukikosea mwingine, hayupo kabisa.

Taa za chumba zizimwe. Macho yakichoka, weka taa ndogo nyuma ya televisheni, isimulike kioo. Ukitazama kwa intaneti, chagua ubora wa juu kabisa au pakua kwanza: mtandao ukizidiwa, chembe hugeuka vigae vya mraba na giza hugawanyika matabaka. Diski ina nafuu kubwa hapa. Simu haifai kabisa.

Sauti

Karibu filamu zote hizi zilikuwa na sauti ya mkondo mmoja. Diski nyingi za sasa hukupa chaguo la sauti ya kuzunguka iliyochanganywa upya, na mara nyingine vishindo vipya vimeongezwa. Chagua mono ya asili. Zima sauti bandia ya kuzunguka, ili kila kitu kitoke mbele kutoka sehemu moja. Panga sauti wakati watu wanaongea kawaida, kisha usiiguse tena. Usiwashe modi ya usiku: kazi yake ni kusawazisha mnong'ono na yowe, nawe umekuja hapo kwa ajili ya tofauti yao.

Muziki wa Halloween aliupiga Carpenter mwenyewe. Jaribu kuuhesabia kwa vidole na utakuta mipigo mitano, siyo minne. Sikio linasubiri mzunguko urudi mwanzo baada ya wa nne, mpigo mmoja unazidi, na hautulii kamwe. Hooper alienda upande mwingine. Yeye na Wayne Bell walitengeneza mvumo wa matuazi, ala za watoto na vyuma vilivyokwaruzwa, bila wimbo wa kushika. Sehemu nyingi huwezi kujua kama ni muziki au ni jenereta iliyo nje ya nyumba. Kwa spika ndogo za televisheni utasikia kelele tu. Kwa hedifoni nzuri utasikia jinsi mvumo unavyoanza kabla wahusika hawajajua kuna tatizo.

Filamu za Kiitalia ni habari nyingine. Huko sauti ziliingizwa studio baada ya upigaji, na waigizaji wa nchi mbalimbali waliweza kusema lugha tofauti katika tukio moja. Midomo haitalingana na maneno, uchague lugha yoyote. Usihangaike kutafuta nakala iliyo sawa.

Utazame nini

Tenga muda wa kuimaliza bila kusimamisha. Nusu ya kwanza huwa ya polepole, na sababu ni ya kifedha: mazungumzo ndani ya gari hayagharimu kitu, madoido yanagharimu. Waongozaji wazuri waligeuza shida hiyo kuwa mtego. Unapewa nusu saa ya kukaa na vijana wa kawaida wanaobishana kuhusu petroli, na kwa kuwa hakuna hata mmoja uliyewahi kumwona, huwezi kujua steringi ni nani. Katika filamu yenye staa unajua atakayefika mwisho. Hapa yeyote anaweza kwenda.

Chukua sehemu moja ya Texas Chain Saw uitazame kwa makini. Kijana anaingia kwenye nyumba asiyoijua, akifuata sauti kama ya nguruwe. Mwisho wa ukumbi kuna mlango, na nyuma yake ukuta mwekundu wenye mafuvu ya wanyama. Anajikwaa. Mtu mkubwa mwenye kinyago anatokea, anampiga nyundo kichwani, anamvuta ndani, na kubamiza mlango wa chuma. Yote hayo ni sekunde chache. Hakuna muziki wa kukuandaa, na kamera haikukimbilia uso wake. Ukiwa umeinama kuangalia simu, limekupita. Muda mfupi baadaye msichana anainuka kwenye bembea kumfuata mwenzake, na kamera inapita chini ya bembea, iko chini karibu na nyasi, ikimfuata mgongoni. Nyumba inakua mbele yake mpaka inajaza picha. Hiyo ni reli, kamera moja na jua la mchana, na ni mojawapo ya picha bora za muongo ule.

Kisha hesabu damu. Hooper alitarajia kupata cheti cha kuruhusu watoto wakiwa na wazazi, kwa hiyo damu ni kidogo mno. Kwenye tukio maarufu la ndoano ya nyama huoni chuma kikiingia mwilini. Unaona uso, mikono na karai lililowekwa chini. Karai ndilo linalofanya kazi yote, kwa kuwa linakueleza kitu kinachotarajiwa kudondoka.

Joto pia ni la kweli. Upigaji ulikuwa Texas, kiangazi cha 1973, siku nyingi zikivuka nyuzi 37 za Selsiasi. Gunnar Hansen, aliyevaa kinyago, alikuwa na suti moja tu, nayo haikufuliwa. Tukio la chakula cha jioni lilipigwa kwa zaidi ya saa 24 mfululizo, madirisha yamezibwa ili mchana uonekane usiku, na nyama mezani ikioza chini ya taa. Waigizaji kwenye meza ile hawaigizi uchovu. Lipo swali la haki kuhusu kuwatendea watu hivyo, na kuipenda filamu hakukuondolei swali hilo.

The Wicker Man inatoa mfano wa kinyume. Hadithi ni ya sikukuu ya Mei kisiwani, ila upigaji ulifanyika Uskoti kuanzia Oktoba 1972. Maua yalibandikwa kwenye miti, na waigizaji walinyonya barafu kabla ya kamera kuanza ili pumzi zao zisionekane kama moshi. Kitu fulani kwenye hali ya hewa ya kisiwa kile hakikai sawa, na huwezi kukitaja mpaka ujue.

Kutazama na wengine

Mara ya kwanza tazama peke yako au na mtu asiyependa kuchangia. Kundi kubwa huanza kucheka suruali na nywele, na kicheko cha woga huua ukimya ambao filamu imeujenga kwa dakika arobaini. Ukitaka mbili kwa usiku mmoja, weka Black Christmas ya Bob Clark (1974), dakika 98, kisha Halloween. Ukiwa na mapumziko ya dakika 20, jumla ni kama saa tatu na nusu. Ya kwanza ilipigwa Kanada, na ilimweka mtazamaji ndani ya macho ya muuaji miaka minne kabla ya Carpenter: mwendesha kamera Bert Dunk alijifungia kamera mwilini na kupanda nayo ukuta wa nyumba. Ukiziona kwa mpangilio huo utatambua kilichochukuliwa na kilichobadilishwa. Usiweke Texas Chain Saw ya kwanza kati ya mbili. Hakuna kinachoifuata vizuri.

Mara ya pili

Subiri siku chache, kisha rudia dakika kumi za katikati ukiwa umezima sauti kabisa. Hesabu kila mara picha inapokatwa. Utashangaa mikato ilivyo michache kwenye matukio uliyokumbuka kuwa ya kasi. Halafu rudia dakika hizohizo ukisikiliza tu, macho yamefumbwa. Baada ya hapo washa maelezo ya mwongozaji kama diski inayo, lakini kamwe yasiwe ya kwanza.

Kutoka hapo njia inategemea kilichokushika. Kama ni mahali, nenda kwa Martin ya Romero, iliyopigwa kwa milimita 16 ndani ya Braddock, Pennsylvania, mji wa chuma uliokuwa ukifa, kuhusu kijana anayeamini ni mnyonya damu na anayetumia sindano na wembe. Kama ni kutokuwa na hakika na unachokiona, Let's Scare Jessica to Death (1971), iliyopigwa Connecticut, ambayo minong'ono yake inahitaji hedifoni. Na kama ni mvumo wa sauti, Eraserhead ya David Lynch (1977), iliyochukua miaka mitano hivi kukamilika kwa fedha za kuungaunga. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rudia kupanga weusi wa televisheni kabla ya kuianza.